Salamu Kutoka kwenye Dashibodi

Wa kwanza kunisimulia habari hii ni rafiki yangu Nathanael mwenyewe, baada ya msimu wa pamba mwaka juzi.

Alikuwa amepeleka gari kwa fundi Amoni, Bariadi, akiwa na mama yake, Milembe. Fundi alichomoa betri, akarekebisha waya, akairudisha.

"Saa na redio vimefutika, utaviseti upya," alisema. "Hata yule Mjapani wako atakuwa amesahau Kijapani."

Walicheka, kwa kuwa gari lile la mtumba lilikuwa na sauti ya kike iliyosema Kijapani kila likiwashwa.

Wakirudi nyumbani, walipita Dutwa giza likiingia. Sauti ile ikatoka kwenye dashibodi, ikasema taratibu, kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu."

Ndivyo mama anavyosalimiwa jioni.

"Mayu, usiitikie," Nathanael alisema.

"Nimnyime mtu salamu, mwanangu?"

Akaitikia. Sauti ikamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Milembe akalitaja jina la baba yake, kisha la babu yake.

Nathanael alizima gari, lakini maswali yakaendelea. Akafungua boneti, akang'oa waya wa betri. Kutoka gizani alimsikia mama yake akizidi kujibu, kila jibu likiwa la sauti ndogo kuliko lililotangulia, mpaka pakawa kimya.

Nathanael yu hai, na Amoni pia. Milembe naye yu hai, ingawa hajatamka neno tangu jioni ile. Gari limeegeshwa uani bila betri. Ukilisalimu, huitikia kwa sauti ya Milembe.