Jina Lisilohama

Magharibi ilimkuta fundi Hesbon wa Ukunda bado amechuchumaa mbele ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, katika nyumba ya Chande kule Msambweni. Chande mwenyewe alikuwa kazini Doha. Alitaka kamera ya uani imwonyeshe bintiye wa pekee, na akitaka jambo bwana huyo, hasikii la mtu.

Hesbon alimweleza mke wa Chande, Mwanapili, kwamba namba ya ruta hubadilika kila mara, hivyo aliye mbali huipoteza nyumba. Dawa yake ni kuipa nyumba jina lisilohama, kisha kufungua mlango ndani ya ruta unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye kamera.

"Niandike jina gani?"

Simu ya Doha ilikuwa wazi. "Fauzia," akajibu Chande.

Mwanapili akampakata bintiye. Wanawe wawili wa kwanza walichukuliwa na mauti kabla hawajatembea, pamoja na majina yao mazuri. Huyu wa tatu bibi yake alimwita Jaa, jina la jalala, ili huyo achukuaye amdhanie taka, ampite. Jina la kweli alinong'onezwa sikioni siku alipozaliwa, basi. Halikutamkwa tena hata mchana, sembuse magharibi.

"Baba Jaa, si hilo. Nakuomba."

Chande akasema amechoka na ushirikina wa kina mama, mwanawe si takataka. Hesbon akacheka, akaandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Huyu alikuja na kinyume chake.

Taa ya ruta ikawa kijani. Harufu ya udi ikaingia... na udi haukuwamo nyumbani.

Huko uani, spika ya kamera ikakoroma.

"Hodi..."

"Ni wewe, Baba Jaa?"

Chande akasema bado hajaifungua kamera.

"Hodi... Fauzia."

Mtoto, ambaye hakuwahi kuitwa hivyo, akainua kichwa mapajani mwa mamake.

"Labeka."

Mwanapili akamziba mdomo. Alichelewa. Hesbon aling'oa nyaya zote. Ruta ikazimika, na pumzi ya mtoto ikakatika palepale mapajani, bila hata kwikwi. Fundi akatoka mbio, viatu akaviacha mlangoni.

Simu ilikuwa bado wazi.

"Sasa namwona vizuri," alisema Chande kwa furaha. "Yuko uani anacheza. Ila, Mama Fauzia, hao wawili anaocheza nao ni wa nani?"