Ndege ya Saa Tatu Asubuhi

Saa sita mchana, Jumamosi, mama alifungua droo ya kabati la sebuleni akakuta kanda haimo. Ilikuwa kanda ya sauti ya marehemu mumewe, aliyoisikiliza kila siku baada ya chai. Siku hiyo aliisikiliza hadi saa nne kasorobo, akairudisha mahali pake. Mlango haukuvunjwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia kaka yake jioni ile. "Ufunguo anao dada wa kazi. Miaka tisa tumeishi naye! Kesho anaondoka."

Kaka mtu alikuwa mpanga safari za ndege mstaafu. Ndugu walimwita Bwana Dakika, kwa kuwa hata chai aliipoza huku akiitazama saa. Alikuwa mkali wa hesabu, lakini hukumu za haraka hakuzipenda, na kwa hilo nampa heshima yake.

"Saa nne hadi saa sita ulikuwa wapi?" alimuuliza dada wa kazi.

"Sokoni, mzee. Niliporudi nikamkuta mama analia."

"Na yule fundi bomba aliyekuja leo?"

Mama alidakia. "Huyo nilimsimamia jikoni tangu saa nne u nusu mpaka akaondoka. Sebuleni hakukanyaga."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Kitindamimba wangu. Lakini alishaondoka kurudi kwake nje ya nchi na ndege ya saa tatu asubuhi."

Bwana Dakika alimpigia mpwa wake, akafungua spika ya simu ili wote wasikie.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. Ulitua saa ngapi?"

"Saa tano u nusu. Niliangalia saa ya ukutani pale uwanjani."

Mzee aliandika nyuma ya bahasha. "Uwanja wetu hadi wa kwenu ni kilomita elfu moja mia tano na sitini. Ndege ile hukata mia saba na themanini kwa saa. Hizo ni saa mbili. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Saa tano u nusu, barabara."

"Si ndivyo nilivyosema, mjomba?"

"Kwa saa ya hapa, mwanangu. Huko mko nyuma yetu kwa saa moja. Saa ya ukutani ingekuonyesha saa nne u nusu. Hukuiangalia. Ulipiga hesabu, ukasahau hilo. Uliondoka na ndege ya pili, ya saa nane."

Kilio kikasikika simuni.

"Nilibadilisha tiketi, nikarudi mama akiwa jikoni na fundi, nikaichukua kanda. Mazishi sikuyawahi, mjomba. Mle baba ananiita chiriku wake. Niliona aibu kuiomba, maana mama hana faraja nyingine."

Hasira za mama ziliyeyuka palepale. "Ungeniambia, mwanangu. Tungeisikiliza pamoja." Kisha akamgeukia dada wa kazi, akamshika mikono yote miwili. "Nimekukosea. Nisamehe."

Dada wa kazi aliitikia kwa kichwa, akaomba simu.

"Ulijua mama atanishuku mimi?"

"Nilijua, dada."

Dada wa kazi akafuta macho kwa kiganja. "Basi njoo uniambie hayo ana kwa ana. Kitanda chako nitakitandika."