Posho ya Koplo Anatory

Hati tano za malipo zilikuwa mezani, Mei hadi Septemba 1979, kila moja na alama ya dole gumba. Adelfina wa Bukiriro, aliyemzika mwanawe mchanga juzi, aliapa kwamba hajaonja hata senti moja.

Inspekta Laurian alizikagua kwa moyo mzito. Mume wa mama huyu, Koplo Anatory, alijeruhiwa vitani na alikuwa amelazwa Kampala tangu Aprili, mguu umekatwa. Askari akilazwa nje ya nchi, mshahara na posho yake hupelekwa kwa mkewe. Fedha zilipelekwa, naam. Zikaishia wapi?

"Alama hii si yangu, Afande," Adelfina alisema. "Mimi natia saini. Nilifaulu kisomo cha watu wazima."

Lo! Za mwizi arobaini, nazo zilikuwa zimetimia.

Xavery, karani wa malipo, aliitwa.

"Nani alizichukua fedha hizi?"

"Shemeji yake, Protasi. Mama alikuwa amejifungua, na kwetu mzazi hatoki ndani mpaka mtoto apewe jina. Nikampa hati ampelekee atie alama."

"Hiyo ni Mei. Na Septemba? Bado yuko ndani?"

Xavery alijikuna kichwa. "Ikawa mazoea, Afande."

"Mazoea! Mtoto kafa kwa kukosa nauli ya hospitali, wewe unaniambia mazoea!"

Protasi aliletwa. Dole gumba lake lilipakwa wino, likakandamizwa kwenye karatasi. Mistari ilikuwa ile ile, hata kovu la panga lilionekana.

"Kisomo ulikwenda?"

"Nilitoroka, Afande."

"Fedha ziko wapi?"

Protasi aliinama. "Kwa baba yake Adelfina. Ng'ombe wanne."

"Wa nini?"

"Mahari iliyobaki. Mzee alisikia kaka kakatwa mguu, akasema hamwachii binti yake kilema, tena mdaiwa. Angekuja kumchukua. Kaka angerudi hana mguu, hana mke. Nikaona heri nyumba ilale njaa kuliko ivunjike."

"Na mtoto alipougua?"

"Nilikuwa nimeshalipa zote. Niliogopa kusema."

Adelfina aliangua kilio. "Ungeniuliza, shemeji! Ng'ombe wawepo wasiwepo, mimi nisingetoka kwa Anatory, hata baba angenijia na fimbo. Sasa akirudi na magongo yake, amwulizie mwanawe ambaye hajamwona, nimwambie nini?"

Laurian aliamuru Protasi apelekwe mahabusu, kisha akatoka na kufunga mlango, amwache mama wa watu alie.