Nilisaini Kwamba Udongo wa Mama Umerudi

Nilisikia mabeleshi yakichota kitu laini. Ilikuwa Jumapili asubuhi, padri yuko katikati ya mahubiri, na mlio ule uliingia kupitia madirisha ya kigango chetu cha Kimwani ukitokea machimbo ya mawe shambani kwa mama... chwaa, kisha kishindo kizito kisicho na mwangwi. Jiwe likitupwa ndani ya lori hulia. Moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, hukwaruza. Kitu hiki hakikulia wala hakikukwaruza.

Ulikuwa udongo. Nilijua, ndugu wasomaji, nilijua! Lakini nilibaki nimeketi kwenye benchi nikijieleza kwamba huenda ni moramu iliyolowa, huenda upepo umegeuka, huenda masikio yangu yamechoka. Hadi misa inakwisha nilikuwa nimejipatia maelezo matatu, yote ya uongo.

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Ni mtoto pekee wa mama mjane. Serikali ilinipeleka ng'ambo kusomea shahada ya uzamili, katika nchi ya baridi ambako makaa ya mawe huchimbwa juu juu, bila mahandaki. Utafiti wangu ulihusu swali moja: ardhi hurudishwaje baada ya makaa kuondolewa?

Nilijifunza vizuri. Kwanza mashine hukwangua udongo wa juu, ule wenye uhai, na kuulaza peke yake. Kisha huondolewa udongo mfu na miamba, navyo hurundikwa mahali pengine. Baruti hulegeza tabaka la makaa, makaa huchotwa na kupakiwa. Shimo linaposonga mbele, nyuma yake hufukiwa kwa kifusi kilekile, husawazishwa ili maji ya mvua yasikimbie, halafu udongo wa juu hurejeshwa mahali pake na kupandwa nyasi, mwishowe mazao. Nilitembea ndani ya shamba la ngano lililokuwa shimo la makaa miaka michache tu kabla yangu. Nililia kwa furaha. Nilidhani nimeona kila kitu...

Niliporudi, vijiji vya ujamaa vilikuwa vinapangwa na barabara zinakatwa. Barabara ya kwetu Muleba ilihitaji mawe, na mawe bora yalikuwa chini ya kibanja cha mama yangu. Makaa hatuna, lakini mbinu ni ileile. Ofisi ya Bukoba iliniteua kuwa mkaguzi wa urejeshaji wa ardhi. Ningewezaje kukataa?

Kwa msomaji asiyetoka Buhaya nieleze kidogo. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na udongo wake hutengenezwa na watu. Bibi yangu alibeba samadi. Mama akabeba nyasi za rweya, yaani mbuga zetu zisizo na rutuba, mwaka baada ya mwaka, akizitandaza chini ya migomba mpaka ardhi ikawa nyeusi, ukitumbukiza mkono unazama. Nje ya kibanja, ardhi ni nyekundu na haimlishi mtu.

Mama alikataa mara mbili mbele ya wajumbe wa kijiji. Mara ya tatu aliniita jikoni.

"Mwanangu, jiwe ni la Serikali, sawa. Udongo ni wangu. Utaulaza wapi?"

"Pembeni ya barabara, Mae. Utafunikwa, kisha utarudi wote."

"Wote?"

"Wote. Nitaupima mwenyewe."

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, hakuniita jikoni. Alisimama mkutanoni akasema kwa sauti, "Wenzake wametumwa Ulaya wakarudi madaktari. Huyu amerudi kufukua kwao!" Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Mimi nilijibu kwa mchoro na vipimo. Mama akakubali, si kwa sababu ya mchoro. Alikubali kwa sababu mtoto wake alikuwa amemwahidi.

Msimamizi wa machimbo aliitwa Projestus, mtu wa Ijuganyondo, pembeni ya mji wa Bukoba. Alikuwa mchumba wangu! Alikuja nyumbani na lubisi, pombe yetu ya ndizi, na buni za kutafuna. Mama alizipokea na kuzitafuna mbele yake, jambo ambalo kwetu humaanisha mgeni amekubaliwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kashai, mjini Bukoba, karibu na ofisi, nikifika machimboni mwisho wa juma tu. Siku zilizobaki macho yangu yalikuwa yeye.

Kila nilipofika nilipima rundo la udongo mweusi lililolazwa kando ya barabara na kufunikwa kwa nyasi. Urefu, upana, kimo. Baada ya ile Jumapili nilipima mara mbili, nikakuta halijapungua hata kidogo. Nikajionea haya kwa kumshuku mtu aliyenipenda.

Sikuinua nyasi! Mwanamke yeyote wa kijijini kwetu angeingiza mkono mle ndani kabla ya kusema neno. Mimi nilitumia kamba ya kupimia. Kule ugenini hakuna mtu ambaye angeiba udongo, angeupeleka wapi? Nikabeba utaratibu wa kule kama ulivyo, nikasahau kwamba kwetu udongo mweusi ni tamaa ya kila mwenye shamba jipya. Nilikuwa nimeukusanya, nimeufunika, nimeulaza penye njia ya malori.

Kazi ilipokaribia mwisho, Projestus aliniletea cheti cha urejeshaji. "Koku, shimo limefukiwa, limesawazishwa, umeliona. Udongo tunausambaza Jumatano na wewe utakuwa ofisini. Weka saini, tarehe nitajaza."

Nikasaini... kwamba udongo wote wa juu umerejeshwa.

Mama alipanda machipukizi ya migomba akiimba. Mvua tatu zilitosha. Weusi ulikuwa ngozi nyembamba tu; uliposombwa na maji, wekundu ukatokea kama jeraha. Migomba ikawa ya njano, ikainama. Nami, badala ya kuuliza swali lililo wazi, nilitafuta majibu vitabuni: pengine tumeshindilia mno, pengine maji hayapenyi, pengine ni uchachu. Nilitoboa ardhi ile kwa wiki sita. Mama alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Heri angenipiga!

Siku moja nilikwenda Ijuganyondo kumsalimia dada yake Projestus. Alinipokea kwa vigelegele, akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba.

"Wifi, njoo uone ulivyotufaa!"

Migomba minene, majani mapana kama milango. Niliinama, nikaingiza mkono. Ulizama.

"Kaka alituambia mama yenu ametoa udongo huu uwe zawadi kwa nyumba yako mpya. Malori yalikuja na mzigo kila yaliporudi mjini kutengenezwa. Mama mkwe wa namna hii ni wachache! Mbona unalia, wifi? Ni furaha?"

Nilimwambia ndiyo. Ni uongo mwingine ninaoubeba.

Projestus hakukana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa akinywa chai, akaendelea kunywa. Alisema walitoa udongo mweusi ndani ya rundo, wakajaza mwekundu, wakapaka mweusi kidogo juu, kisha wakarudishia nyasi. Alisema ameyafanya kwa ajili ya watoto wetu.

"Mama yako atahamishiwa kiwanja cha kijiji cha ujamaa hata hivyo," alisema. "Udongo ule ungelala bure."

"Nitakushtaki."

"Nishtaki." Akacheka. "Cheti kimesainiwa na nani? Na mimi? Ukifungua mdomo, msomi, unazama wewe kwanza."

Nilimtupia pete yake kwenye kikombe. Laiti ujasiri wangu ungeishia mbali zaidi ya kikombe! Nilinyamaza miezi mitatu. Nilijiambia nakusanya ushahidi. Kwa kweli nilikuwa naogopa kupoteza kazi, naogopa watu waliosema mapema kwamba mtoto wa kike hawezi.

Kijijini sikusalimiwa tena. Nikipita, wanawake walinyanyua majembe yao wakageuka. Baba mkubwa alikataza ukoo kula chakula nilicholeta. Mama alianza kuombaomba ndizi kwa jirani ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimgawia. Siku niliyomkuta amebeba mkungu wa kupewa, aliutua chini, akanena kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

"Ulisema utaupima mwenyewe."

Ni hayo tu. Aliuinua mkungu akaendelea na njia.

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mliosoma, nawasihi. Msiweke saini juu ya jambo ambalo mikono yenu haijaligusa, hata kama anayewaletea kalamu ni mtu mtakayelala naye kitanda kimoja. Msidhani kamba na daftari vinaweza kuwajua watu wa kwenu kuliko mnavyowajua ninyi. Na mkikosea, msifiche kosa mkiliita utafiti. Kila siku niliyonyamaza, migomba ya Ijuganyondo ilizidi kuota mizizi katika jasho la mama yangu. Je, kuna kazi inayostahili bei hiyo?

Asubuhi iliyofuata siku ya ule mkungu nilikwenda Posta ya Bukoba, nikaagiza simu ya Dar es Salaam. Nilisubiri saa mbili kwenye benchi. Mara nne nilisimama kuondoka. Opereta alipotaja jina langu niliingia kibandani, nikamsikia mkuu wa idara akiuliza kuna dharura gani.

Nikamweleza yote, tangu mlio wa ile Jumapili. Nikaomba malori yaende Ijuganyondo kuuchukua udongo kabla ya mvua kurudi.

Waya ulivuma.

"Binti," alisema hatimaye, "nina cheti hapa mezani. Ni saini yako. Unaelewa kwamba nikianza kuandika haya, sitaanza na Projestus?"

"Naelewa, mkuu."

"Basi nianze na nani?"

Nikamtajia jina langu, polepole, herufi kwa herufi, ili asikosee.