Niliwaambia Wasiuze Tokeni Zao

Nina miaka arobaini na saba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kabuchai, mama wa watoto watatu, na kwa miaka mingi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima. Naandika haya kwa aibu, wasomaji wenzangu, lakini nimechoka kuyabeba peke yangu...

Aliyeniingiza humu si mgeni. Ni Nekesa. Tulilala bweni moja tukiwa wasichana, akanisimamia harusi, na binti yangu wa mwisho nikampa jina lake. Alikuwa na duka la kompyuta mjini Kitale. Ningemshuku vipi?

Siku moja aliniita dukani, akanieleza kwamba yeye na wenzake wawili wanaanzisha sarafu yao ya mtandaoni, tokeni, itakayoitwa Gunia. Ati wakulima wakishanunua Gunia, wataitumia kupata mbolea na mbegu bila dalali. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kujitengenezea sarafu. Akacheka. Akafungua laptopu, akaandika jina, akaandika idadi ya tokeni anazotaka, akabonyeza. Chai yangu haikuwa imepoa, na tayari Gunia ilikuwa imezaliwa! Mamilioni ya tokeni, kutoka hewani.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama niende zangu.

Alisema kuitengeneza ni rahisi, kazi ni kuipeleka sokoni. Wangeweka tokeni pamoja na pesa halisi kwenye kapu moja la mtandaoni. Anayenunua anaacha pesa kapuni na kuchukua tokeni. Anayeuza anarudisha tokeni na kuchukua pesa. Wanunuzi wakizidi, bei inapanda. Aliniapia kwamba kapu limefungwa mwaka mzima, hakuna wa kulibeba. Sikuomba anionyeshe.

"Watu hawaijui kompyuta, Mwalimu," aliniambia. "Lakini wewe wanakujua."

Basi picha yangu ikawekwa kwenye mabango. Nilisimama Myanga siku ya soko, nikasimama kanisani baada ya ibada. Kabla ya uzinduzi akina mama waliuziwa kwa bei ya chini, ati bei ya marafiki. Wengine waliuza mahindi. Mmoja aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Mume wangu alinionya mara mbili, nami nikamwambia hapendi kuona mwanamke akiendelea.

Siku ya uzinduzi bei ilipanda asubuhi, ikapanda tena mchana. Tuliimba! Siku ya tatu Nekesa alinipigia simu, akaniomba niwaambie watu wangu wasiuze kwanza, kwamba anayeuza mapema anawaangusha wenzake. Niliandika hivyo hivyo kwenye grupu letu.

Siku hiyo hiyo Mama Wekesa alikuja kwangu. Ni mjane, jirani yangu, na barua zake zote mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Pesa alizokuwa amekusanyiwa na wanawe kwa upasuaji wa nyonga, zote alikuwa amezitia kwenye Gunia. Alikuwa ameona zimeongezeka, akataka kuuza ili akalazwe.

"Si niuze tu kidogo, Mwalimu? Huu mguu umenichosha."

"Ngoja wiki moja tu, mama," nilimwambia. "Usituangushe."

Akanishukuru. Akaenda akichechemea...

Kesho yake asubuhi simu zilianza kulia. Kufikia mchana tokeni zetu zilikuwa bado zimo kwenye simu, haikupungua hata moja, lakini kapuni hapakuwa na pesa ya kuzinunua. Mwalimu mwenzangu anayeelewa mambo hayo alinionyesha, maana yote yameandikwa mtandaoni kwa anayejua kusoma. Kapu halikuwahi kufungwa. Nekesa na wenzake walikuwa wamejiwekea tokeni nyingi kuliko sisi sote, na siku zile tulipokuwa tunaimba, wao walikuwa wanauza. Mwishowe walizoa hata kilichobaki.

Nilikwenda Kitale, dukani kwake. Nilimkuta akipanga vitu kwenye katoni. Hakukana.

"Nilijua watakusikiliza wewe," alisema. "Mimi singesikilizwa."

Nikamtajia Mama Wekesa. Akasema hii ni biashara bana, kila mtu alinunua kwa hiari yake. Kisha akaendelea kupanga katoni, kana kwamba nimeshaondoka. Miaka thelathini ya urafiki... Hata kiti hakunipa!

Nilipiga ripoti polisi. Nekesa alihama, na simu yake haipatikani hadi leo. Nilisimama mbele ya akina mama nikakiri yote, wakaniondoa kwenye uenyekiti, na sikuwalaumu. Mume wangu alikubali tuuze kipande cha shamba ili Mama Wekesa apasuliwe. Hakunisimanga. Wengine sikuweza kuwarudishia chochote.

Ndugu zangu, ukiletewa tokeni mpya, uliza ni nani anashika nyingi, ni nani anaweza kulifungua kapu, na hao wenyewe wanauza lini. Ukijibiwa kwa tabasamu, ondoka. Na ukiombwa uisemee kwa watu wanaokuamini, nakusihi, kataa, hata kama anayekuomba ni rafiki wa utotoni!

Mama Wekesa sasa anatembea vizuri. Hunisalimia, huulizia watoto wangu. Lakini akiletewa barua asiyoielewa, hupita langoni kwangu akiwa ameishika mkononi, akaenda kusomewa na mtu mwingine.