Nyayo Zilizojaa Uduvi

Kila maji yalipokupwa alfajiri, wanawake wa Mkwaja walishuka ufukweni kutanda uduvi, kuwavua kamba hao wadogo kwa shuka zao. Bibi Semeni alimwamsha mjukuu wake, Mwanasiti, naye kila mara alijifunika gubigubi.

"Haya, lala, mke mwenzangu," bibi alimtania. "Uduvi utakutana nao mchuzini."

Mwaka ule wa 1956, Mwanasiti akiwa darasa la nne, alikuja shuleni mvulana mgeni aitwaye Abrahamu. Baba yake alikuwa amepata kazi katika shamba la mkonge, lakini zamani alikuwa mpishi wa askari wa wanyama kule Serengeti. Mwalimu Zubeiri akamwomba awasimulie wenzake habari za mbuga hiyo.

"Nyumbu wakihama," alisema Abrahamu, "ukianza kuwahesabu asubuhi, jua linatua hujamaliza. Nchi yote inakuwa nyeusi, na ardhi unaisikia ikitetemeka nyayoni."

Darasa zima lilimsikiliza midomo wazi. Abrahamu akanogewa, akaongeza, "Hapa kwenu kuna nini? Mchanga na mbu tu!"

Mwanasiti aliruka kama aliyekalia siafu. "Hapa ndovu wanashuka baharini! Mimi mwenyewe nimewaona wakiogelea mpaka kwenye mwamba!"

"Ndovu na bahari wapi na wapi?" Abrahamu alicheka. "Nionyeshe basi. La sivyo nitakuita Mwanauongo mpaka tumalize shule."

Mchana ule Mwanasiti alirudi nyumbani akiwaza. Habari za ndovu kushuka ufukweni alizisikia kwa bibi yake. Yeye hakuwahi kumwona hata mmoja, na huko kuogelea alikutunga mwenyewe. Mwishowe alimweleza bibi yote.

"Kesho njoo naye," alisema Bibi Semeni. "Lakini ndovu sikumfuga mimi. Akija, atakuja kwa hiari yake."

Alfajiri iliyofuata Mwanasiti aliamka kabla ya kuitwa. Abrahamu alikuwa tayari nje, anatetemeka kwa baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nifuateni, na msipige kelele."

Walitembea mpaka bibi akasimama ghafla. Mchangani palikuwa na shimo la duara, pana kama sinia ya pilau, limejaa maji ya bahari. Mbele yake lilikuwapo jingine, na jingine. Bibi aliinama akatumbukiza kiganja. Kilipotoka, uduvi wadogo walikuwa wakirukaruka ndani yake.

"Unyayo wake," alinong'ona. "Maji yakikupwa, uduvi hubaki humu. Siku nyingine ndovu hutuvulia."

Ndipo walipomwona. Ndovu jike alikuwa akitembea taratibu mbali kidogo, ukingoni mwa mawimbi, na mtoto wake ubavuni. Povu jeupe liliwazunguka miguu. Mtoto alilinyooshea wimbi mkonga, likamrushia maji, akakimbilia chini ya tumbo la mama yake. Hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu. Wale wawili walipotokomea vichakani, bahari ilisikika upya, kana kwamba nayo ilikuwa imenyamaza.

"Serengeti yetu haina bahari," Abrahamu alisema polepole. "Sijawahi kuona kitu kama hiki. Kumbe ni kweli! Na kuogelea huogelea mpaka mwamba upi?"

Mwanasiti aliutazama mwamba uliochomoza majini. Angeweza kuuonyesha tu kwa kidole, na Abrahamu angemwamini.

"Hawaogelei," alisema, uso ukimwaka. "Nilidanganya. Hata kuwaona, leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Na mimi nilisema hapa ni mchanga na mbu tu," Abrahamu alijibu. "Wa kwanza kukosa ni mimi."

Bibi Semeni alikung'uta shuka yake, akampa Mwanasiti ncha moja aishike.

"Serengeti ina yake na Mkwaja ina yake, wala hakuna inayohitaji kuongezewa chumvi," alisema. "Ulikuwa na ndovu mzima, mjukuu wangu. Uongo ulikuwa wa nini? Amka, uone kwa macho yako, kisha sema ulichokiona. Kinatosha."

Wakaingia majini kutanda.