Nusu ya Ujumbe wa Fundi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Verdiana alifagia ua, akawatupia mbuzi maganda ya ndizi, kisha akafuta umande kwenye vioo vya gari la baba yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo ya mwisho hakumwachia mtu mwingine. Lilikuwa gari kuukuu aina ya Toyota, rangi ya maziwa, lenye nafasi pana ya mizigo nyuma. Baba yake, Mwalimu Kagaruki, alilirithi kwa kaka yake aliyefariki. Pale Kaagya, miaka hiyo Ukimwi ulikuwa umepiga hodi karibu kila nyumba, na gari hilo lilikuwa limebeba wagonjwa wengi kwenda hospitali ya mjini kuliko lilivyobeba mikungu ya ndizi.

Kiangazi cha mwaka 1993, gari lilianza kuchoka. Barabara ikiwa tambarare lilikwenda vizuri, lakini mlimani lilitweta kama mzee mwenye pumu, na nyuma yake likaacha harufu ya mayai viza. Alhamisi moja wakati wa likizo, Mwalimu Kagaruki alilipeleka kwa fundi Ildefons, mtaa wa Miembeni, mjini Bukoba. Kwa kuwa yeye alikuwa na shughuli ofisi ya elimu, alimwacha Verdiana gereji akisubiri.

Fundi alilala chini ya gari na kugonga kitu kama chungu cha bati kilichokaa katikati ya bomba la moshi. Alisikiliza, akagonga tena, kisha akatoka akijifuta mikono. Kabla hajasema lolote, kijana mmoja alikuja kumwarifu kwamba jirani yake amefariki na watu wanakusanyika kwa mazishi. Fundi alivua ovaroli, akamwita Verdiana.

"Mwambie baba yako masega yameziba," alisema. "Masega ni hayo yaliyomo ndani ya kile chungu. Yana vitundu kama ya nyuki, na moshi hupita humo ukisafishwa. Sasa haupati njia, na chungu kinashika moto kama kaa. Gari lisipande milima, na lisisimamishwe kabisa juu ya majani makavu. Jumatatu alilete tuamue kama tutatafuta masega mengine au tutafanya vingine. Hebu nirudie."

Verdiana aliurudia ujumbe wote bila kukosea. Fundi akaondoka.

Lakini Verdiana alipobaki peke yake, moyo wake ulianza kupiga hesabu nyingine. Jumamosi mama yake, Kokuhirwa, alikuwa anarudi kwa meli kutoka Mwanza. Alikuwa huko miezi mitatu akimuuguza mdogo wake, hadi mdogo wake huyo alipofariki, na sasa alikuwa anakuja na mtoto aliyeachwa, Lameki, mwenye miaka minne. Baba alikuwa ameahidi kwamba wataenda wote wawili kuwapokea bandarini Kemondo. Verdiana alijua kwamba gari likizuiwa, baba atapanda basi peke yake, naye ataambiwa abaki alinde nyumba. Miezi mitatu aliyomsubiri mama yake ingeongezewa saa nyingine nyingi za kukaa mlangoni.

Baba aliporudi na kuuliza fundi amesema nini, Verdiana alijibu kwamba masega yameziba, na kwamba Jumatatu gari lirudi ili waamue kama wataweka mengine.

"Hakusema jingine?"

"Hakusema, Tata," alijibu, akimwita baba yake kama walivyozoea Wahaya.

Ijumaa nzima Mwalimu Kagaruki alihangaika na uamuzi ule. Jirani mmoja alimwambia masega mapya hupatikana Dar es Salaam tu, tena kwa kusubiri sana. Mwingine alimshauri ayatoboe kwa nondo na kuyasahau. Wa tatu alisema gari linalotembea halihitaji tiba. Verdiana aliyasikia yote akiwa anamenya ndizi, na kila mara baba yake aliposema "maadamu fundi hakukataza safari," aliinamisha kichwa na kuchukua ndizi nyingine.

Jumamosi walifika Kemondo salama, kwa sababu gari lilikuwa tupu. Mama alishuka melini akiwa amekonda, amembeba Lameki ambaye hakusema neno kwa mtu yeyote. Verdiana alimkumbatia mama yake hadi kilemba kikaanguka. Walipakia magunia mawili na godoro nyuma ya gari, na Lameki akalazwa juu ya godoro. Walipotoka bandarini alikuwa ameshalala.

Shida ilianza kwenye mlima wa kwanza. Gari lilipunguza mwendo, likatetemeka, likaanza kutambaa. Verdiana aliyeketi nyuma alihisi joto likipanda kupitia viatu vyake. Aliinua miguu. Harufu ya mayai viza ilijaa ndani, na mama akafungua kioo akiuliza kuna nini. Lori lililokuwa nyuma yao lilipiga honi. Mwalimu Kagaruki akakata usukani, akalitoa gari barabarani na kulisimamisha kwenye rweya, ule uwanda wa malisho, ambako majani yalikuwa makavu na kufika magotini.

Alisema waliache lipumzike kidogo. Yeye na mama walishuka, akafungua boneti.

Verdiana alibaki ndani. Maneno ya fundi yalimrudia moja moja. Kama angesema, baba yake angejua papo hapo kwamba alimdanganya, na mama angejua hilo siku ile ile ya kurudi kwake. Labda gari lingepoa. Labda fundi alitia chumvi. Alimtazama Lameki aliyelala juu ya godoro, jasho likimtoka shingoni. Chini ya sakafu kitu kililia tik, tik, tik, kama chuma kinachochomwa. Alifungua mlango, akaruka nje.

"Tata, liondoe gari kwenye majani."

"Linapumzika, mwanangu."

"Fundi alikataza lisisimame kwenye majani makavu. Alikataza pia lisipande milima. Mimi sikukuambia."

Mwalimu Kagaruki aliinama kuchungulia chini ya gari. Chungu cha masega kilikuwa chekundu, na majani yaliyokigusa yalikuwa yameanza kufuka. Alirukia usukani, akageuza ufunguo. Injini ilikohoa na kunyamaza. Akageuza tena, ikanyamaza. Ulimi wa moto ulijitokeza karibu na gurudumu la nyuma.

"Mtoto!" alisema mama.

Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na magunia. Verdiana, aliyekuwa mwembamba kuliko wote, alipanda juu ya kiti, akajinyoosha hadi akamshika Lameki kwapani, akamvuta. Mama alimpokea dirishani. Mwalimu Kagaruki aliachia breki, na wote wawili, yeye na Verdiana, wakasukuma. Gari lilisogea hatua moja, likagoma.

Mchuuzi mmoja wa samaki, aliyetoka visiwa vya Muleba na jina lake Maige, alikuwa anapanda mlima akikokota baiskeli. Aliitupa chini, akavua magunia mabichi yaliyofunika samaki wake, akaanza kuyapigapiga juu ya moto. Mama alimketisha Lameki kando ya barabara, akachota udongo kwa mikono. Kisha Maige akaweka bega lake kwenye gari pamoja nao, na mara hii likateremka taratibu hadi kwenye changarawe. Walipomaliza kuuzima moto, sehemu ya rweya ilikuwa nyeusi, na mpira mmoja ulikuwa umeungua ubavuni. Samaki wa Maige walikuwa wametapakaa vumbini. Mwalimu Kagaruki aliwanunua wote.

Lameki, ambaye hakuwa amelia tangu mazishi ya mama yake, sasa alilia kwa sauti. Verdiana alikaa naye chini, naye akalia.

Lori jingine liliwakokota hadi mjini. Jumatatu wote walikuwa Miembeni. Fundi Ildefons alitazama mpira ulioungua, akauliza kwa mshangao kama ujumbe wake haukufika. Mwalimu Kagaruki alimgeukia binti yake.

"Ulifika nusu, fundi," alisema Verdiana. "Nusu nyingine niliificha, kwa sababu nilitaka kwenda kumpokea mama."

Fundi alitikisa kichwa, akaendelea na kazi iliyowaleta. Alieleza kwamba petroli waliyouziwa wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, na ndiyo yaliyoua masega. Kama angeweka mengine, nayo yangekufa vilevile. Ushauri wake ulikuwa kukata kile chungu na kuunga bomba tupu. Mama aliuliza kama moshi utakuwa mbaya zaidi kwa watoto. Fundi hakumficha: utakuwa mchafu zaidi, kwa hiyo ataunga bomba lisivuje popote, na wao wasiliwashe gari ndani ya banda, wala watoto wasikae nyuma yake. Mwalimu Kagaruki alikubali.

Cheche za kuunga chuma zilipoanza kuruka, alimvuta Verdiana kando.

"Nilihangaika siku mbili nikipima uamuzi wangu kwa maneno uliyoniletea," alisema. "Kama ungeniletea uongo mtupu, huenda ningeushuku. Nusu ya ukweli niliiamini yote. Mtu akikutuma neno, mwanangu, neno hilo si lako kulipunguza, maana hujui ni sehemu gani iliyobeba maisha ya mtu. Uliposema pale mlimani, ulichelewa. Lakini ulisema ungali na nafasi ya kunyamaza, na ndiyo maana Lameki yuko pale na mama yako. Safari nyingine usisubiri mpaka uone moto."

"Ndiyo, Tata," alijibu Verdiana.